Kahawa Iliyoliwa Murongo

Jeneza lilikataa kupita. Lilikuwa limetengenezwa Marekani, refu na pana, lina vishikio vya kung'aa, na njia ya kuingia kwenye kibanja cha kina Evodius pale Nyakatuntu ni ya mtu na baiskeli yake, basi. Vijana walilishusha kwenye gari, wakalibeba kidogo, wakakwama katikati ya migomba, mbele hakuendeki na nyuma hakurudiki. Philbert, mdogo wake marehemu, akaitisha panga. Nikasikia mgomba wa kwanza ukianguka, kisha wa pili, na mkungu ambao ulikuwa haujakomaa ukabingirika hadi karibu na miguu yangu. Mama mmoja nyuma yangu akashangaa kwa kilugha, "Mawe! Mtu amekufa na bado anatukatia ndizi." Nilitaka kucheka. Evodius mwenyewe angecheka hadi ashike ukuta. Halafu nikakumbuka kwamba ndani ya lile sanduku ndimo alimo, nikaketi chini juu ya majani makavu, mwalimu mzima wa sekondari niliyebakiza muda mfupi kustaafu, nikalia bila kujali kitenge wala heshima.

Watu waliniacha nilie. Wenye umri wa kunijua waliinamisha macho, na wasionijua walidhani mimi ni ndugu. Kwa namna fulani hawakukosea, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo ninapoandika. Nataka kuandika mwaka mmoja tu. Ya kuzaliwa kwangu na kusoma kwangu nayaacha, kwa sababu hayana tofauti na ya binti mwingine yeyote wa Nyaishozi aliyekuzwa kwa ndizi na maharage. Nimeolewa, mume wangu ni mtu mwema, tumelea watoto, na hayo nayo si ya hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa mwalimu mgeni wa fizikia na kemia, nimepangiwa shule ya Nyakatuntu, na nyumba niliyopewa ilikuwa nusu ya nyumba.

Nusu ya pili ilikuwa ya Evodius. Alikuwa amemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, amepata nafasi ya kwenda kusoma zaidi ng'ambo, na alikuwa anasubiri mambo yake yakamilike. Mkuu wa shule akamwomba afundishe hesabu wakati anasubiri, na kwa kuwa nyumbani kwao kulijaa wadogo zake, akampa ile nusu ya nyumba. Ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati. Nilimsikia akipiga chafya, akiimba vibaya, akisoma kwa sauti mambo ambayo sikuyaelewa, na yeye bila shaka alinisikia nikigombana na redio. Jiko lilikuwa moja, la nyuma, lenye moshi wa kututoa machozi, na chungu kikawa kimoja kabla hatujakubaliana kwamba kiwe kimoja. Mimi nilimenya ndizi, yeye alichambua maharage, tukavipika pamoja na kuvifunika kwa majani ya mgomba, na wakati tukisubiri viive alinifundisha kuhusu gluoni.

Sikuwa mjinga. Kwamba ndani ya atomi kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni, nilikuwa nalifundisha kila wiki kwa chaki. Ila hapo ndipo kitabu changu kilipoishia. Evodius akaniambia hapo ndipo chake kinapoanza. Ndani ya protoni kuna chembe ziitwazo kwaki, na kwaki hizo zimeshikwa na nyingine ziitwazo gluoni, na yeye alitaka kuyatumia maisha yake yote kuzichungulia hizo gluoni.

"Maisha yote?" nilimuuliza. "Chembe zenyewe huzioni."

"Upepo unauona?"

"Usinijibu kama mchungaji, Evo. Mimi ni Mkatoliki."

Akacheka, akafuta machozi ya moshi, akaanza upya. Alisema ukiwasha tochi mbili, mwanga wa moja unaupita mwanga wa nyingine kama watu wasiosalimiana. Gluoni si hivyo. Gluoni inashika kwaki, na inamshika pia gluoni mwenzake, na moja inajigawa, na zilizogawanyika zinagawanyika tena. Kulikuwa na mashine moja Ulaya iliyokuwa ikigonganisha elektroni na protoni kwa nguvu kubwa, na kadiri wenyewe walivyochungulia kwa undani ndivyo walivyozidi kuzikuta gluoni, nyingi kupita kiasi. Nikamuuliza zitaongezeka mpaka lini, maana nafasi yenyewe ni ndogo hivyo. Aliweka mwiko chini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake baada ya kukaa ugenini muda mrefu.

"Hapo ndipo hakuna anayejua, Koku. Lazima ifike mahali zibanane, zianze kuungana tena badala ya kugawanyika, zitulie. Tunahisi hivyo, ila hakuna aliyeona kwa hakika. Kwenye protoni moja ni vigumu kuona. Inatakiwa kiini kizito, dhahabu kwa mfano, chenye protoni na nyutroni chungu nzima zimekaa pamoja. Humo gluoni za huyu zinaingiliana na za jirani, msongamano unakuja mapema. Sasa mashine ya kupiga elektroni kwenye kiini kizito namna hiyo, kwa nguvu inayotosha, haijajengwa. Nataka niwepo ikijengwa."

Nikauliza kwa nini elektroni, kwa nini wasigonganishe viini kwa viini. Alisema ukigonganisha kiini na kiini ni kama ugomvi wa koo mbili msibani, kila mtu anamshika kila mtu, na mwisho hujui chungu kimevunjwa na nani. Elektroni haishikwi na gluoni. "Haina undugu na yeyote humo ndani," alisema. "Inaingia, inagusa, inapinda njia yake, inatoka. Kwa namna ilivyopinda na nguvu iliyopoteza, unajua ilichokikuta." Nilimwambia basi elektroni ni mmbea. Kuanzia jioni ile, kila mtu aliyeingia nyumbani kwetu akatoka na habari tulimwita elektroni, na mke wa mkuu wa shule ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Sitaeleza tulivyopendana, kwa sababu hakuna siku yake. Nakumbuka tu kwamba msimu wa kahawa ulipofika tulikuwa tukikaa nyumbani kwao siku za Jumapili, tunageuza kahawa kwenye mikeka, na mama yake aliacha kuniita mwalimu akaanza kuniita mwanangu. Evodius alisema angependa aende ng'ambo akiwa ameoa, nami nimfuate mambo yakikaa sawa. Nilisema ndiyo kabla hajafika mwisho wa sentensi. Hakukuwa na kikwazo. Wote Wakatoliki, wote tuna kazi, yeye wa Kyerwa na mimi wa Karagwe, familia zisizojuana kabisa. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Walikuja Nyaishozi kuniposa asubuhi moja ya kiangazi. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na Shangazi Paskazia alikuwa amenishika mkono asije akakosa wa kumfinya. Sebuleni nilisikia viti, kikohozi cha baba, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikimiminwa, na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikipitishwa mkono kwa mkono. Mshenga wao, mzee Gervas, alikuwa na maneno mengi kama mnadani. Wakaulizana koo, zikawa tofauti. Wakaulizana miziro, kila mtu na mnyama wake asiyeliwa, haikugongana. Shangazi akanifinya kwa furaha. Kisha mzee Gervas akapamba moto, akamtaja kijana wake kwa ukoo mzima: huyu ni Evodius, mwana wa Deogratias, mwana wa Bitegeko aliyekuwa akivusha kahawa mpakani Murongo enzi za magendo.

 Halafu nikasikia sauti ya babu yangu, mzaa baba, ambaye siku zote huzungumza polepole, ikitoka kwa haraka.

"Bitegeko yupi?"

"Bitegeko wa Nyakatuntu, waitu, mzee wangu. Alikaa Uganda miaka mingi, akarudi kufia nyumbani."

"Mwenye kovu hapa, kidevuni?"

"Huyo huyo."

Nikasikia kiti kikianguka. Babu alikuwa amesimama. Akapaza sauti, "Mjukuu wangu! Mjukuu wangu, njoo!" na nikasikia anamkumbatia Evodius huku analia. Wanawake wa nje wakapiga vigelegele. Shangazi Paskazia naye akapiga, sikioni kwangu, nusura anitoboe ngoma, akaniambia, "Umepata, mwanangu, umepata!" Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nimeishi na furaha nyingi baada ya hapo, za watoto na za kazi, lakini ile ya nyuma ya pazia, wakati vigelegele vinaendelea, sijaipata tena.

Babu akaanza kusimulia, huku bado amemshika Evodius mkono. Alisema walikuwa vijana, wamebeba kahawa kuvusha mto kwenda Uganda, askari wakawatokea. Bitegeko akamsukuma yeye kwenye mafunjo, akabaki peke yake akapigwa, na kovu la kidevuni ndilo la siku hiyo. Alipopona wakala omukago, ule udugu wa damu wa wazee wetu. Walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake punje ni mbili zilizolaliana, wakajichanja tumboni. Punje moja akaila yeye ikiwa na damu ya Bitegeko, ya pili akaila Bitegeko ikiwa na damu yake. Kisha vita na mipaka vikawatenganisha, akamtafuta mwenzake kwa miaka bila kumpata. "Na leo Mungu amemleta mjukuu wake nyumbani kwangu," alisema. "Mtoto wa Bitegeko ni mtoto wangu. Huyu ni kaka yake Koku."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, kama watu wanaoambiana. Nilisikia rubisi ya mtu ikiwekwa chini. Shangazi aliuachia mkono wangu. Babu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa alichokisema, kwa sababu furaha ilikuwa imemziba masikio, na alipoelewa alirudi kutafuta kile kiti kilichoanguka, akakikosa, akaketi sakafuni. Baba akasema kwa upole kwamba wageni watakula, lakini mazungumzo yale yamefika mwisho. Walikula. Niliwapakulia mimi, na Evodius alipopokea sahani yake alisema taratibu, "Heri ningekuwa elektroni, Koku." 

Padre alituambia hakuna kizuizi, Kanisa halijui udugu wa kahawa. Baba alisema Padre hana babu pale kijijini. Kila mtu alikuwa na la kusema, na aliyenyamaza alikuwa Babu peke yake. Lakini Evodius akafanya jambo ambalo silisahau. Badala ya kukasirika akaanza kwenda Nyaishozi kumtembelea, kama mjukuu, kila alipopata nafasi. Alikuwa hajawahi kumjua vizuri Bitegeko, na Babu alimjua kuliko mtu yeyote. Niliporudi nyumbani wakati wa likizo niliwakuta wawili hao kwenye kibaraza, wanatafuna kahawa, Babu anasimulia magendo na Evodius anasimulia gluoni. Nilikuwa napepeta maharage pembeni, nikawa nasikiliza.

"Hizo zinazoshika," Babu alimuuliza siku moja, "zina uzito?"

"Hapana, Babu. Zenyewe hazina uzito kabisa. Na zile kwaki zinazoshikwa, uzito wake ni mdogo mno."

"Basi mimi uzito wangu umetoka wapi?"

"Kwenye kushikana kwenyewe. Sehemu kubwa ya uzito wa mtu, wa jiwe, wa kila kitu, ni nguvu iliyomo kwenye kule kushikana."

Babu alitafuna muda mrefu. Akauliza tena, je, mtu akizivuta zile kwaki kwa nguvu azitenganishe? Evodius alimwambia haiwezekani kuipata moja peke yake. Ukivuta, kushikana kunazidi, na ukivuta kupita kiasi, panapokatika panazaliwa nyingine za kuziba pengo, na kila moja inajikuta tena imeshikwa. Babu akasema, "Huyo aliyeziumba ni mtu wa kwetu." Wakacheka wote wawili hadi Babu akakohoa. Nami nilicheka, nikiwa na ungo mapajani, nikafikiri kwamba mtu anayecheka hivi hawezi kutunyima.

Na hakutunyima. Kabla likizo haijaisha alimwita baba, akaniita mimi na Evodius, akasema ameamua. Alisema kiapo ni chake, si chetu. Wenzake wa zamani wakila omukago walitamka kwamba atakayeuvunja tumbo litamvimba hadi afe, na yeye alitamka hivyo mbele ya Bitegeko. "Kikiuma kitaniuma mimi," alisema. "Nimekula chumvi nyingi. Oaneni." Baba alitaka kusema kitu, Babu akainua mkono. Nilipiga magoti nikamshukuru. Evodius naye alipiga magoti, lakini nilipomtazama uso wake ulikuwa umesawijika.

Padre akaanza kututangaza kanisani, kama ilivyo, ili mwenye kizuizi ajitokeze. Jumapili ya kwanza jina langu na lake yalisomwa, nikajiona nimerefuka. Jumapili ya pili yalisomwa tena. Wiki iliyofuata, mtu wa bodaboda aliyetoka Nyaishozi alisimama shuleni akaniambia nyumbani wananihitaji. Nilimkuta Babu ameegemezwa kwenye mto, uso umekonda, macho yana umanjano, na chini ya shuka tumbo limesimama. Shangazi Paskazia alikuwa mlangoni, na mimi kuingia tu akatoka nje, kama vile nimeingia na ugonjwa.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alisema ni ini, na kwamba limekuwa likiharibika kwa miaka, kabla Evodius hajafika Nyaishozi wala mimi sijafika Nyakatuntu. Alitueleza vizuri, akamtoa maji, tumbo likashuka. Baada ya siku kadhaa likajaa tena. Nyumbani hakuna aliyemsikiliza daktari. Waliokuja kumwona walinisalimia kwa midomo tu. Babu mwenyewe hakunilaumu hata mara moja, alinishika mkono akaniambia nisiogope, alijua alichokichagua. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Alikuwa anakufa kwa ini, na alikuwa na hakika kwamba anakufa kwa ajili yangu.

Evodius alikaa naye wodini muda mrefu kuliko mimi. Aliponiita nje tulikaa kwenye ngazi, upande wa jikoni ambako ndugu wa wagonjwa hupika. Mama mmoja alikuwa anachochea uji. Moshi ukatujia, ule ule wa jikoni kwetu.

"Najua ni ini," alisema. "Usidhani nimekuwa mwingine."

"Basi tatizo liko wapi? Bado Jumapili moja."

"Yeye hajui ni ini, Koku. Nimemweleza, anatikisa kichwa ananihurumia. Kila akipumua anahesabu kwamba ananilipia mimi. Nitasimamaje pale mbele na wewe, na huku yeye amelala anasikiliza tumbo lake?"

"Ukiniacha atapona?"

"Hapana."

"Kwa hiyo utaniacha na atakufa vile vile."

"Atakufa akijua tumemrudishia kahawa yake. Mimi sina dawa nyingine ya kumpa."

Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia kwamba yeye ndiye anayetaka kuzunguka dunia nzima atafute mashine ya kupasua kiini cha dhahabu, na punje moja ya kahawa imemshinda. Alilia, na hakujitetea. Nilimuuliza, "Na mimi je? Mimi unanipa dawa gani?" Yule mama wa uji aliacha kukoroga akatutazama. Evodius alisema hajui. Ni mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu, au akikosa anasema hakuna anayejua, na siku ile alisema yeye mwenyewe hajui. Akaingia wodini. Kupitia dirisha nilimsikia akimwambia Babu, kwa Kinyambo, kwamba ndoa haipo, kwamba mimi ni dada yake, na kwamba omukago wa wazee umesimama. Nikamsikia Babu akishusha pumzi ndefu, na baada ya muda nikamsikia akiomba uji.

Tumbo lilishuka. Daktari alikuwa amembadilishia dawa, lakini nani angeniamini. Babu alirudi nyumbani akitembea, akawa anakaa kibarazani, na kijiji kizima kikapata hadithi ya kuwasimulia watoto. Jumapili ya tatu Padre alisoma majina ya watu wengine. Nilirudi Nyakatuntu kufundisha, na kwa majuma yale yaliyobaki tulipika kila mtu kwa zamu yake. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta, haimbi wala hasomi. Nilitaka kugonga. Kuna jioni nilinyanyua mkono kabisa.

Mambo yake ya safari yakakamilika. Angevukia Murongo, apande gari upande wa Uganda hadi Entebbe. Nilimsindikiza pamoja na mama yake na Philbert, na kwa kuwa nilikuwa dada, hakuna aliyeshangaa. Asubuhi ile Murongo palikuwa na shughuli zake: wenye pikipiki wanaitana, wanawake wanavuka na mikungu kichwani, watu wa ushuru wanafungua mizigo. Mama yake akamshika kichwa akamwombea. Ilipofika zamu yangu tulipeana mikono. Dada na kaka hupeana mikono. Aliniambia, "Ile mashine ikijengwa nitakuletea habari ya zilivyobanana." Nilisema sawa. Akavuka daraja na begi lake, na maji yakaendelea kupita chini kama yanavyopita siku zote.

Babu alikufa wakati wa senene, mwaka ule ule. Watu walikuwa nje wanawakamata wadudu hao waliotua baada ya mvua, watoto wanapiga kelele, na ndani harufu ya senene wa kukaanga ilikuwa imejaa. Tumbo lilikuwa limerudi. Lakini hakuogopa. Alimwambia baba kwamba kahawa yake imetulia, kwamba ni uzee tu sasa, na akalala. Niliukalia msiba wake nikiwa na hasira ambayo sikuweza kumwonyesha mtu. Evodius alikuwa amesema kweli. Alimpa mzee kifo kisicho na hofu, na bei yake alinilipisha mimi. Nimeshika mambo haya mawili mikononi kwa miaka yote hii, na hakuna moja lililonisaidia kuliweka chini lingine.

Miaka ikaenda. Salamu zilikuja kwa Philbert: amemaliza masomo, ameoa huko, amepata mtoto wa kike. Siku moja Philbert alinionyesha picha kwenye simu, Evodius amevaa kofia ngumu, nywele zimekuwa nyeupe, amesimama ndani ya handaki refu. Alisema mashine ya elektroni na viini vizito hatimaye inajengwa Marekani, na kaka yake ni mmoja wa wanaotengeneza chombo cha kuzinasa elektroni zikitoka na habari. Nilifurahi. Mungu ni shahidi yangu, nilifurahi, nikaenda darasani nikawaeleza wanafunzi wa kidato cha nne habari za gluoni, ambazo hazimo kwenye mtihani wao. Kisha ikaja habari ya saratani. Mashine bado haijawashwa. Bado hakuna aliyeona kama zikibanana hutulia.

Waliposafisha njia, jeneza likafika kaburini, pembeni ya kaburi la Bitegeko. Mkewe, mama mrefu mpole aitwaye Helen, alikuwa amefungwa kitenge na wakwe zake na alifuata kila alichoelekezwa. Mzee wa shughuli akaita wazazi, akaita mke na mtoto, akaita ndugu. Mimi nilisimama nyuma karibu na mume wangu. Ndipo shangazi yake Evodius, bibi kizee asiyeona vizuri, akauliza kwa sauti, "Watu wa kahawa wako wapi? Wa Nyaishozi hawakuja? Nani atamshika upande wao?" Watu wakanigeukia. Mume wangu akanisukuma kidogo mgongoni, kwa wema. Nikapita mbele. Kwa kuwa mimi ni mtu wa omukago, nilipewa kamba pamoja na ndugu zake kulishusha, na kwa muda ule mfupi, kabla halijagusa chini, uzito wake ulikuwa mikononi mwangu. Lilikuwa zito sana. Nilimkumbuka Babu akiuliza uzito unatoka wapi. Kisha kamba ikalegea.

Baada ya maziko nilikwenda jikoni kusaidia kupakua, kwa sababu huko ndiko dada wa marehemu hukaa. Binti yake akanifuata huko. Ni msichana wa chuo sasa, ana kipaji cha uso cha baba yake, na amesimama mlangoni anapangusa macho, sijui ni kilio au ni moshi. Alinisalimia shikamoo kwa Kiswahili kizuri, cha kufundishwa nyumbani. Nikasema marahaba, nikamsogezea kigoda. Hakuketi.

"Samahani," alisema. "Wewe ni Koku?"

"Ni mimi."

"Baba aliniambia nikifika nyumbani nimtafute Shangazi Koku. Alikuwa anasema hivyo tangu nikiwa mdogo. Kila tulipopika ndizi alisema, Shangazi yako Koku angeziunguza hizi."

Hakuna aliyewahi kuunguza ndizi katika lile jiko letu la moshi ila yeye Evodius. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na watu wa nje walikuwa wanasubiri chakula. Kwa miaka yote ile, nyumbani kwake, mbele ya mke wake na mtoto wake, alikuwa amenipa jina, na jina lenyewe lilikuwa hilo. Msichana alikuwa ananitazama, anasubiri aambiwe kama amempata au amekosea mtu.

"Umempata," nilimwambia. "Mimi ndiye shangazi yako."